SOMO: Sebule ina joto, chumba cha kulala kama friji (nyumba za Uingereza)

Wakuu, kila mwaka saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, swali ni lile lile: "Chumba kimoja hakipati joto, ninunue boila mpya?" Nimelijibu mpaka basi. Leo naliandika moja kwa moja, na atakayeuliza tena atapewa linki hii.

Jibu fupi ni hapana. Mara nyingi tiba ya chumba cha baridi iko kwenye chumba chenye joto. Somo ni la boila ya gesi na rejeta za maji (vile vyuma vya ukutani vinavyopitishwa maji moto). Wenye hita za umeme, lenu ni tofauti.

1. Hakikisha rejeta imefunguliwa, namba iwe 5.

2. Sogeza sofa. Pazia lisifunike rejeta.

3. Washa, subiri nusu saa, kisha ipapase. Baridi juu na moto chini: ina upepo. Baridi chini katikati: imejaa matope meusi ya kutu, inataka kusafishwa. Baridi yote wakati nyingine ni za moto: nenda hatua ya 5 na 6. Moto yote lakini chumba bado baridi: rejeta haina kosa, joto linatoroka.

4. Kutoa upepo: zima boila, acha ipoe, weka kitambaa, fungua nusu mzunguko kwa ule ufunguo mdogo. Itafanya "sss". Maji yakitoka, funga. Kisha tazama geji ya presha ya maji kwenye boila: ikiwa baridi isome kati ya bar 1 na 1.5. Imeshuka, ongeza maji.

5. Ng'oa kwa mkono kichwa cha valvu chenye namba. Ndani kuna kipini kinachotakiwa kushuka na kupanda milimita chache. Kimekwama? Kigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Usikivute kwa plaizi. Kikichomoka, maji yanaruka hadi ukutani.

6. Kusawazisha. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo soma mara mbili. Maji hufuata njia nyepesi. Rejeta iliyo karibu na boila inayachukua yote, na ya mwisho inapata mabaki. Kila rejeta ina valvu mbili: ya namba, na nyingine yenye kofia ya plastiki tupu. Hiyo ya pili ndiyo kazi yetu. Kabla ya kugusa chochote, ifunge ukihesabu mizunguko, andika kwenye karatasi, ndipo uendelee. Bila karatasi hiyo huna njia ya kurudi ulikotoka. Sasa fungua valvu zote kabisa, washa mfumo ukiwa umepoa, na uandike rejeta zinavyofuatana kupata moto. Ya kwanza ifunge, kisha uifungue robo mzunguko tu. Inayofuata zaidi kidogo, na kuendelea, hadi ile ya mwisho ambayo inabaki wazi kabisa. Ukigeuza, subiri dakika kumi ndipo upime.

ONYO: geuza kile kijiti kilicho chini ya kofia tu. Ile nati kubwa inayoshika bomba usiiguse. Ukiilegeza, maji meusi yatamwagika, na kwenye zulia hayatoki.

7. Kasha la boila usilifungue. Kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi gesi.

MASWALI

Mgeni_Leicester: Mkuu rejeta yangu juu ni baridi, chini moto. Nifanyeje?

— Hatua ya 3, kisha ya 4.

BabaJunior: Nimefunga zote nusu nusu kama ulivyosema, sasa nyumba nzima ni baridi. Somo halifanyi kazi.

— Sijaandika popote "zote nusu nusu". Ya mwisho inabaki wazi kabisa. Fungua zote, anza upya, kalamu mkononi.

Dada_Reading: Ahsante kaka. Hapo kwenye kupima, napima nini hasa?

— Swali zuri sana dada. Pima bomba la kuingia na la kutoka kwenye rejeta ile ile. Kwa mfumo wa zamani tofauti iwe nyuzi 11 au 12. Boila za kisasa zinafanya vizuri hata ikifika 20. Ukitumia kile kipimajoto cha kuelekeza, bandika kwanza utepe mweusi kwenye bomba, kwa sababu bomba linalong'aa linakidanganya.

Dada_Reading: Na chumba cha juu cha pembeni? Rejeta ni moto yote lakini mtoto analala na koti.

— Kinatazama kaskazini? Kwetu jua linapita utosini, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuuliza. Huku mwezi Desemba jua linakaa kusini na chini sana, Leicester saa sita mchana halivuki nyuzi 14 hivi juu ya upeo. Ukuta wa kaskazini haulioni kabisa. Chumba cha pembeni kina kuta mbili za nje, na dari juu yake. Panda darini uone sufi ya kuzuia joto: unene unaopendekezwa ni milimita 270, nyumba nyingi za zamani zina 100 au pungufu. Ziba pia upenyo chini ya mlango.

Kaka_Luton: Themostati yangu iko sebuleni.

— Hicho ndicho kidude kinachopima joto na kuizima boila. Basi sebule ikishiba, boila inazima na vyumba vingine bado. Punguza rejeta ya sebuleni kwa hatua ya 6. Ile valvu yake ya namba iache wazi, isishindane na themostati.

MamaZuu: Sisi tunaingiza jiko la mkaa chumbani kidogo, likishika vizuri halina moshi.

— Mama, litoe leo. Sumu yake, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Kukosa moshi si usalama. Nunua na king'ora cha kugundua sumu hiyo, hata boila ya gesi inakihitaji.

Mpangaji_B: Mwenye nyumba anasema rejeta mbovu ni juu yangu.

— Kwa England, sheria ya wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka yeye atunze mitambo ya joto na maji moto. Mwandikie barua pepe na picha, usiishie kwenye simu.

MamaZuu: Tumelitoa. Na nguo, naweza kuanika kwenye rejeta?

— Zinaziba joto, na unyevu unaleta ukungu ukutani. Anika bafuni, mlango umefungwa, feni ikiwa imewashwa.