Seva Imekuwa Nzito: Jinsi ya Kujua Kama Kikwazo Ni Diski

Seva ikianza kukokota, wengi huilaumu diski na kuagiza nyingine. Subiri kwanza. Mara nyingi diski inabeba mzigo uliotoka kwingine, na vipimo vichache vitakuonyesha unatoka wapi. Amri zifuatazo ni za Linux. Iostat na pidstat zimo kwenye kifurushi cha sysstat.

Anza hapa:

vmstat 1 10

Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu mashine iwashwe. Kuanzia wa pili, safu ya b ni michakato iliyokwama ikisubiri I/O (kusoma au kuandika, hasa kwenye diski), na safu ya wa ni asilimia ya muda ambao CPU imekaa bure huku kuna ombi la diski halijarudi. Lakini tazama safu za si na so kabla ya yote. Zikiwa juu ya sifuri kila sekunde, achana na diski: RAM haitoshi na kerneli (kiini cha Linux) inahamisha data kwenda swapu, sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba, na kuirudisha. Dawa ni kuongeza RAM au kuibana programu inayoila.

Wa ikiwa ndogo haimaanishi diski iko salama. CPU ikipata kazi nyingine, muda ule hauhesabiwi tena kuwa wa kusubiri. Wastani wa mzigo unaoonyeshwa na uptime nao hupotosha, kwa kuwa Linux hujumlisha hata michakato iliyo katika hali ya D, yaani iliyolala ikisubiri I/O na haiwezi kukatizwa. Mzigo wa 30 kwenye mashine ya CPU 8 zilizo bure kwa 85% ni dalili ya foleni ya diski, au ya NFS (faili zinazosomwa kupitia mtandao).

Sasa tafuta ni diski ipi:

iostat -xz 1

Hapa pia kipimo cha kwanza kitupe. Tuseme diski iitwayo sda inaonyesha r/s 95 (usomaji kwa sekunde), w/s 20 (uandishi kwa sekunde), r_await 62, w_await 140, aqu-sz 8.69 na %util 99.6. Await (r_ ya kusoma, w_ ya kuandika) ni milisekunde ambazo ombi linatumia tangu kuingia foleni hadi kujibiwa. Zidisha 95 kwa 62, jumlisha 20 mara 140, gawa kwa 1000: unapata 8.69, yaani ile ile aqu-sz, idadi ya maombi yaliyo njiani kwa wakati mmoja.

Je, maombi 115 kwa sekunde (95 na 20) ni kidogo? Kwa diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika, hapo imefika ukingoni. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani kichwa husubiri nusu yake, na kuhama kwake kunakula nyingine kama 8. Jumla ni kama 12, sawa na maombi 80 hivi ya kurukaruka kwa sekunde. Kupanga foleni upya huongeza kidogo. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, yenye namba hizo hizo ina tatizo, maana kwa kawaida hujibu chini ya milisekunde moja.

%util usiiamini sana. Inapima muda ambao kulikuwa na angalau ombi moja, ilhali SSD na RAID (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja) huhudumia mengi kwa pamoja. Inaweza kusoma 100% na bado kuna nafasi tele.

Kuipata programu inayohusika:

sudo iotop -oPa
pidstat -d 1

Ukiona kworker, mchakato wa kerneli yenyewe, inaandika sana, si yenyewe yenye kosa: inamwaga kwenye diski data ambayo programu nyingine iliiacha kwenye kashe (sehemu ya RAM). Safu ya kB_wr/s ya pidstat itakusaidia kumtaja mwenyewe. Wa kawaida ni nakala rudufu iliyogongana na kazi nyingine ya cron (kipanga ratiba cha Linux), au hifadhidata inayosoma jedwali zima kwa kukosa faharasa.

Seva ikiganda kwa vipindi kisha ikaendelea, angalia vm.dirty_ratio, kikomo cha data inayoweza kurundikana kwenye RAM kabla ya kuandikwa diskini. Kwa chaguo-msingi ni 20, asilimia ya kumbukumbu inayopatikana. Kwenye seva ya GB 128 hiyo inaweza kupita GB 20 zinazongoja kuandikwa. Weka kikomo kwa baiti, mathalani vm.dirty_background_bytes=268435456 na vm.dirty_bytes=1073741824.

Diski inayokufa huwa mjanja. Hurudia kusoma sekta mbovu mara nyingi bila kutoa kosa. Unachoona ni await kuruka hadi maelfu. Kwenye RAID, linganisha await za diski ndugu, kwani moja mgonjwa huzichelewesha zote. Kisha:

sudo smartctl -a /dev/sda
dmesg -T | tail -50
cat /proc/mdstat

Current_Pending_Sector (sekta zinazoshindwa kusomeka) ikizidi sifuri, nakili data leo. UDMA_CRC_Error_Count (makosa ya kupitisha data kwenye kebo) ikipanda, badilisha kebo kabla ya diski. Mdstat itakuambia kama RAID inayoendeshwa na Linux yenyewe inajijenga upya, jambo ambalo peke yake latosha kuizorotesha seva.

Ukitaka kupima uwezo halisi, dd, amri ya kunakili data, bila oflag=direct mara nyingi itapima kashe ya RAM tu. Tumia fio, programu ya kupima diski, saa ambayo seva haina watu:

fio --name=jaribu --filename=/data/jaribu.fio --size=4G --rw=randread --bs=4k --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=16 --runtime=60 --time_based

Filename iwe faili la kawaida. Ukiweka /dev/sda (diski nzima) pamoja na randwrite (kuandika badala ya kusoma), data yote inaharibika bila kuulizwa swali.