Mbwa akila chakula kilichochacha au chenye viungo: fanya hivi

Kwanza mwondoe pale alipo na ufunike chakula kilichobaki. Kabla hujapiga deki, angalia amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Wengi wetu tunasafisha haraka, daktari wa mifugo akiuliza hatuna la kumjibu. Weka mabaki kidogo kwenye mfuko, pamoja na pakiti ya viungo kama ipo.

Pili, ijue hatari yenyewe. Kilichochacha tu mara nyingi humtapisha na kumharisha siku moja au mbili, basi. Chenye ukungu ni kingine kabisa: kuna kuvu wanaotoa sumu ya neva, mbwa akaanza kutetemeka ndani ya saa chache, hata akashikwa na degedege. Ukiona hivyo usisubiri.

Kwenye viungo, pilipili itamwasha na kumvuruga tumbo. Ninachokiogopa ni vitunguu, vya maji na saumu. Vinavunja seli nyekundu za damu, kuvipika hakuondoi sumu hiyo, na vya unga ni vikali kuliko vibichi. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 5, ni kitunguu kimoja tu. Hapa ndipo tunapowapoteza: ametapika jioni, asubuhi anacheza, tunasema kapona. Kumbe damu inapungua taratibu, na dalili huweza kujitokeza siku ya 3 hadi ya 5. Kwa hiyo wiki nzima mwangalie fizi kila asubuhi. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini utazame ndani. Pakipauka au kuwa manjano, mkojo ukawa mwekundu au wa kahawia, au akahema sana naye amelala tu, mpeleke siku hiyo hiyo.

Tatu, usimtapishe kwa chumvi. Chumvi yenyewe humuua mbwa. Mpigie daktari mapema, kwa sababu kumtapisha hufaa zaidi saa 2 za mwanzo, na uamuzi huo ni wake. Wewe mpe maji kidogo kidogo.

Kutapika kukikoma, mpe wali laini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, ngozi wala mfupa.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mkaa wa jikoni unanyonya sumu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mkaa wa dawa hutengenezwa kwa namna nyingine, na hata huo akipewa mbwa anayetapika unaweza kuingia mapafuni. Mwachie daktari.

Swali: Wangu kala mifupa ya kuku wa kukaanga. Nimtapishe?
Jibu: Usithubutu. Mfupa uliopikwa hupasuka ukawa na ncha, ukirudi juu utamchana koo. Tumbo likiwa gumu, akajikamua bila kupata choo au ukaona damu, mkimbize.

Swali: Nimpe dawa yetu ya maumivu, nusu kidonge?
Jibu: Hata robo usimpe. Ibuprofen, mojawapo ya dawa hizo, humtoboa tumbo na kuharibu figo.

Swali: Mtoto wa mbwa wa miezi 2 ametapika mara tatu tangu asubuhi, ila anachangamka.
Jibu: Mpeleke sasa hivi, dada. Wadogo hukaukiwa maji upesi. Mkiwa njiani vuta ngozi ya mgongoni kwake; ikichelewa kurudi, mwambie daktari hilo kabla ya mengine yote.