Kuchora msalaba wa Katanga kwa miraba kwenye ukurasa wa wavuti

Msalaba wa shaba, uliotumika kama fedha Katanga kabla ya ukoloni, unafaa sana kwa mchoro wa miraba: mikono minne, rangi moja. Intaneti haihitajiki. Fungua programu ya kuandikia maandishi matupu, andika haya, uhifadhi kwa jina msalaba.html, kisha ufungue faili kwa kivinjari.

```
<canvas id="shaba" width="360" height="200"></canvas>
<script>
const c = document.getElementById("shaba").getContext("2d");
const k = 40;
const ramani = [
"11.....11",
".111.111.",
"...111...",
".111.111.",
"11.....11"];
ramani.forEach((mstari, y) => {
  [...mstari].forEach((alama, x) => {
    c.fillStyle = alama === "1" ? "#b87333" : "#f4efe6";
    c.fillRect(x*k, y*k, k-1, k-1);
  });
});
</script>
```

Kazi yote imo ndani ya ramani. Watu wengi huandika fillRect (amri ya kuchora mstatili uliojazwa rangi) moja kwa kila mraba, na wakitaka kusogeza mkono mmoja wanalazimika kupiga hesabu upya. Hapa unabadilisha nukta kuwa 1, basi. Kumbuka tu kwamba y, yaani namba ya mstari, huhesabiwa kutoka juu kwenda chini.

Upana (width) ni safu 9 mara 40, kimo (height) ni mistari 5 mara 40; hiyo 40 ni k, upande wa mraba mmoja. Usipoviandika, kanvasi (canvas, eneo la kuchorea) itakuwa 300 kwa 150 na mchoro utakatwa. Ukiviweka kwa CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa) peke yake, picha itavutwa na kufifia.

Ile k-1 huacha ufa wa pikseli moja kati ya miraba, nao ndio gridi yenyewe. Ni njia safi kuliko kuchora mistari. Mstari wa pikseli moja uliowekwa kwenye x = 40 hukaa nusu huku, nusu kule, ukaonekana mnene na hafifu; inabidi uuweke kwenye 40.5. Na hapo kuna mtego kwa sisi wa Lubumbashi tuliosoma hesabu kwa Kifaransa: ukiandika moveTo(40,5, 0), amri ya kuweka mwanzo wa mstari, kivinjari kinasoma x = 40 na y = 5, hakilalamiki, na mstari unaanzia pasipo pake. Desimali huandikwa kwa nukta.

Ukurasa ukibaki mweupe, angalia alama za kunukuu kwanza. Kibodi ya Kifaransa ya simu huweza kuweka « » au alama zilizopinda, na hapo msimbo wote hukwama. Zikiwa sawa, hakikisha script iko chini ya canvas. Ikiwa juu, inatafuta kitu ambacho bado hakijaundwa.