Someni Ukurasa wa Tatu Kabla ya Kuvuka Alps na Familia

Familia zetu nyingi zilizoko kusini mwa Ujerumani hupanga, likizo ya watoto inapowadia, kwenda kuitazama milima ya Alps, na mara nyingi safari hiyo hupita nchi tatu kwa siku moja bila mtu kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote. Treni inayotoka München kwenda Verona hupita Innsbruck, ikapanda hadi pito la Brenner, mita zipatazo 1,370 juu ya usawa wa bahari, na muda wote huo aliyekaa dirishani haoni kitu ila misonobari, mabonde na vilele vyenye theluji. Uzuri huo huwasahaulisha watu karatasi. Mwongozo huu nauandika hasa kwa ajili ya familia ambayo mmoja wao, awe mke, mume au mtoto, bado anasubiri kadi yake ya makazi na kwa sasa anatumia Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya muda inayotolewa na idara ya wageni, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotutesa sisi.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Anayekwenda kwa gari anunue stika ya barabara kuu ya Austria mapema, akumbuke kwamba barabara kuu ya Brenner ina ada yake ya ziada, na ajue kwamba stika ya Uswisi huuzwa kwa mwaka mzima tu, faranga 40. Mwenye kadi ya makazi iliyo hai anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida kati yao, hadi siku 90 katika kila siku 180, ilimradi awe na pasipoti iliyo hai mkononi. Kadi peke yake haitoshi, na picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi kabisa. Nawaomba mama zetu wanaokuja kututembelea, ambao kwa nia njema huiacha pasipoti nyumbani kabatini ili isipotee njiani, waelewe kwamba hatari ya kuipoteza ni ndogo kuliko hatari ya kukutwa bila hiyo.

Sasa niseme juu ya mtego wenyewe. Fiktionsbescheinigung ina visanduku vitatu katika ukurasa wake wa tatu, na afisa aliyeitoa huweka alama kwenye kimoja. Kisanduku cha tatu, kinachotaja kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya makazi, kinamaanisha kwamba kibali chako cha zamani kinahesabiwa kuwa bado kinaendelea, na hicho pekee ndicho kinachokuruhusu kuingia tena bila viza, tena kikiambatana na kibali au viza ile iliyokwisha muda. Visanduku viwili vya mwanzo, vinavyotaja aya ya 3, vinakuruhusu kubaki ndani ya Ujerumani huku maombi yako yakishughulikiwa, lakini ukishatoka havikurudishi. Karatasi ni ileile, rangi ni ileile, muhuri ni uleule, na tofauti yote imo katika alama moja ndogo ya kalamu au ya mashine. Narudia kwa makusudi: usiangalie tarehe ya mwisho tu, angalia kisanduku.

Mke wangu aliingia Ujerumani kwa viza ya kitaifa, ile ya kukaa muda mrefu, ya kuungana na familia, akaomba kadi kabla viza haijaisha, na kwa mujibu wa sheria alistahili kisanduku cha tatu. Idara ya wageni ya mji tunakoishi ilimpa karatasi yenye alama kwenye kisanduku cha kwanza. Hakuna aliyetueleza tofauti yake, na karatasi yenyewe imeandikwa Kijerumani cha kisheria ambacho hata Wajerumani wenyewe hukisoma mara mbili. Tulipokuwa tukirudi kutoka Innsbruck, polisi walipanda treni, wakasoma ukurasa wa tatu, wakamwomba mke wangu ashuke. Watoto walilia, na mimi nilieleza kila nilichojua, lakini afisa alijibu kwa upole kabisa kwamba yeye husoma kilichoandikwa, wala hawezi kusoma kilichopaswa kuandikwa. Mke wangu aliruhusiwa kuingia usiku, baada ya rejesta kuu ya wageni kuonyesha tarehe aliyowasilisha maombi, na siku chache baadaye idara ileile ilitupatia karatasi nyingine yenye alama mahali panapostahili. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi mno, na hakuna aliyesema pole.

Kwa hiyo, siku unapopokea karatasi hiyo, usiondoke dirishani kabla hujaufungua ukurasa wa tatu mbele ya aliyekupa. Kama uliomba kabla kibali au viza yako ya kitaifa haijaisha, na alama haiko kwenye kisanduku cha tatu, uliza palepale na utaje kifungu kwa nambari yake. Usimwachie afisa kadi yako ya zamani kwa sababu tu imekwisha muda, maana kisanduku cha tatu bila kadi hiyo, au bila viza iliyomo katika pasipoti, kimepungukiwa na nusu ya nguvu yake. Fanyeni hivyo kwa kila mtu katika familia, mmoja mmoja, kwa kuwa baba anaweza kuwa na alama sahihi na mtoto akawa na nyingine.

Wapo ndugu watakaokwambia kwenye simu kwamba Ulaya ni moja, pandeni treni tu, hakuna anayeuliza. Nawaheshimu, lakini maneno hayo yamepitwa na wakati. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria mnamo Septemba 2015, na tangu tarehe 16 Septemba 2024 ukaguzi umeenea kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Wengine wamezoea kwamba nyumbani risiti ya maombi humridhisha afisa ukimweleza vizuri. Hapa maelezo hayasaidii. Jirani zetu Wajerumani nao husema kwa dhati kwamba mipaka haipo, na wanasema hivyo kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuulizwa. Mahakama ya juu ya utawala ya Koblenz ilieleza mwaka 2012 kwamba kumkagua abiria wa treni kwa sababu ya rangi ya ngozi yake kunakiuka katiba, na nafurahi kwamba ilisema hivyo, ila bado naona macho ya wakaguzi yanakotua kwanza. Pamoja na hayo, sitawanyima Wajerumani haki yao: mtu asiyekusalimu kwenye lifti ya jengo lenu atakusalimu kwa furaha kwenye njia ya mlimani, na wazee wao hupanda miinuko ambayo vijana wetu huihofia. Ni jambo jema kwa watoto kuliona.

Ramani nayo isomwe kwa makini, kwa sababu Alps haifuati mipaka. Treni za haraka kati ya Salzburg na Innsbruck, ingawa miji yote miwili ni ya Austria, hukata kona kupitia ardhi ya Ujerumani. Treni ya Bernina kutoka St. Moritz, ambayo wengi huihesabu kuwa safari ya Uswisi peke yake, hupanda hadi mita 2,253 kisha huteremka hadi Tirano, na Tirano ni Italia. Hata kilele cha Zugspitze, mita 2,962, kirefu kuliko vyote Ujerumani, kimepitiwa na mpaka. Mwenye alama ya kisanduku cha kwanza au cha pili apande kwa gari la kamba kutoka Eibsee, upande wa Ujerumani, na ateremke njia hiyohiyo, asishawishike kushuka upande wa Ehrwald, ambao ni Austria. Familia ya namna hiyo haikosi mahali pa kwenda: Königssee chini ya mlima Watzmann, Garmisch, na vijiji vya Allgäu vinatosha kwa likizo nzima bila mtu kutoka nje ya Ujerumani.

La mwisho ni bima. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya, iliyo nyuma ya kadi yako ya bima ya umma, hutumika Austria na Italia, lakini raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya hatibiwi kwayo Uswisi, hata awe analipa michango kila mwezi. Mwenzako Mjerumani wa kazini hawezi kukutahadharisha juu ya hilo, kwa kuwa yake inakubaliwa. Kadi hiyo pia haigharimii uokoaji, na helikopta inayomchukua mtu aliyevunjika mguu mlimani humletea bili yake. Nunueni bima ya safari inayotaja uokoaji milimani kwa maandishi, au jiungeni na Alpenverein, chama cha wapanda milima, ambacho uanachama wake huja na bima hiyo. Wazazi waliokuja kwa viza ya Schengen wanayo bima ya angalau euro 30,000, nayo isomwe kabla ya kumpandisha bibi kwa treni hadi Jungfraujoch, mita 3,454, ambako hewa ni nyepesi. Nambari za dharura ziingizwe kwenye simu ya kila mtu mzima: 112 popote, 140 kwa waokoaji wa milimani Austria, na 1414 kwa helikopta za Rega nchini Uswisi.