Jinsi ya kufunga mwamba wa pweza kijijini mpaka sheria iwe upande wenu

Hii nawaandikia wenzangu wa pwani ya Tanzania bara, hasa kamati za BMU (vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi kijijini) kuanzia Mkinga mpaka Mtwara. Kazi yangu ni kusaidia vijiji kufunga miamba, yaani kuzuia uvuvi wa pweza pale kwa muda ili wakue, na mara nyingi kinachokwamisha wala sio pweza, ni makaratasi. Pweza anakua haraka sana, umri wake wote ni kama mwaka na kitu hivi, ukimwacha miezi mitatu tu unakuta kawa mkubwa, na jike akishataga anabaki pangoni analinda mayai mpaka yaanguliwe ndo anakufa, kwahiyo ukimchokoa (ukimtoa pangoni kwa mshale) kabla ya hapo umeua na watoto wote. Sasa mkifunga kwa makubaliano ya mdomo, siku mgeni wa dago (mvuvi anayehama na kupiga kambi ufukweni) akiingia mkamkamata atawauliza sheria ipo wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Hatua ya 1: jueni mwamba uko chini ya nani

Kama uko ndani ya hifadhi ya bahari, mfano Mafia au Ghuba ya Mnazi, hapo kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari Na. 29 ya 1994, anzeni kwa mhifadhi kabla hamjaitisha kikao chochote. Kama uko nje, mnaenda na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009. Hakikisheni BMU yenu imesajiliwa na hati ya usajili iko ofisini, isiwe nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani.

Hatua ya 2: chagueni eneo na wanaolitumia

Hapa msiharakishe. Nendeni mwambani wakati wa bamvua (siku ambazo maji yanajaa na kutoka sana), maji yakiwa yametoka, na muwe na wachokoaji wenyewe, akina mama wanaotembea kwa mguu na wanaume wa mitumbwi, maana hao ndo wanajua mapango yako wapi (utaona mlangoni kuna magamba ya kaa na vijiwe vimepangwa, ujue mwenyewe yumo ndani). Msifunge mwamba wote! Mama asiye na chombo hawezi kwenda mbali, mkimfungia sehemu anayoifikia kwa mguu mmemfungia jiko, na huyo ndiye wa kwanza kuvunja sheria, mimi simlaumu. Acheni sehemu wazi karibu na ufukwe. Mkishakubaliana chukueni vipimo vya jipiesi (GPS) kila kona, andikeni na majina ya kienyeji ya pale, wekeni maboya.

Na kama kijiji jirani nao wanavua hapo, waiteni mapema, sio baada ya kumaliza. Bahari haina mpaka wa kijiji kama shamba, vijiji vinavyotumia mwamba mmoja vinatakiwa kukaa BMU kwa BMU na kuandaa mpango mmoja wa pamoja.

Hatua ya 3: sheria ndogo

Hii ndo inayorukwa sana. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, inaipeleka mkutano mkuu wa kijiji wananchi watoe maoni, kisha inaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo bado ni karatasi tu. Andikeni wazi: mipaka, tarehe ya kufunga na kufungua, zana gani na nani anakatazwa, faini. Kiwango cha faini muulizeni mwanasheria wa halmashauri, msijipangie. Muhtasari uwe na mahudhurio yenye saini, akina mama wasaini wenyewe.

Hatua ya 4: doria

BMU sio polisi na sio mahakama. Mkimkuta mtu ndani, andikeni saa, mahali, chombo, pigeni picha, muwe na mashahidi wawili, halafu mpigieni afisa uvuvi au polisi. Msimpige, msigawane pweza wake, na pesa yoyote ya faini itoke na risiti ya serikali. Kesi nyingi zinafia hapa. Pangeni pia muda wa kufunga kwa kuangalia upepo, kusi ikichafua bahari doria inakuwa ngumu na mafuta ya boti yanaisha haraka.

Hatua ya 5: siku ya kufungua

Chagueni bamvua tena ili wa mguu nao wapate. Bei mkubaliane na wanunuzi wiki kadhaa kabla, wawe zaidi ya mmoja, kwasababu siku hiyo pweza anatoka mwingi kwa mpigo na mnunuzi akiwa peke yake bei anaishusha palepale ufukweni. Mizani iwepo, na iwe ya kijiji. Kanuni zinakataza pweza chini ya gramu 500, na hii haina msamaha wa siku ya ufunguzi, kwahiyo mchokoaji afundishwe mapema kumwacha mdogo pangoni, akishachomwa mshale hata ukimrudisha hafai tena. Daftari liandike jina, uzito, aliyevua kwa mguu au kwa chombo. Daftari hilohilo ndo mtaenda nalo mkutano mkuu unaofuata, wananchi waone wenyewe kama akina mama wamepata au wamepata wa vyombo tu, ndipo muamue kufunga tena au kubadilisha mipaka.