Hita za kuhifadhi joto na umeme wa bei ya usiku
Kwa sisi tunaoishi Uingereza katika nyumba zisizo na gesi, zile hita nzito zenye matofali ndani, yanayopashwa moto usiku ili yatoe joto mchana, hazileti nafuu yoyote endapo mkataba wa umeme si wa bei mbili, mfano Economy 7, ambao hutoa saa 7 za bei nafuu usiku. Amka usiku mmoja uitazame mita: tarakimu za bei ya usiku ndizo zinazopaswa kusogea wakati hita zinapata moto, na zisiposogea, mwite fundi umeme.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye vile vitufe viwili vya kuzungusha. Input huamua kiasi cha joto kitakachowekwa usiku, na Output huamua kasi ya kulitoa. Kwa hiyo Output ifungwe kabisa kabla ya kulala, la sivyo joto litatoka mkiwa mmefunikwa mablanketi, na watoto wakirudi kutoka shule jioni watakuta matofali yamepoa. Utabiri ukionyesha baridi kali kesho yake, pandisha Input jioni hiyo hiyo, maana hita ya kuchomeka ukutani mchana hula umeme wa bei ya mchana, ambao kwenye mkataba wa bei mbili ni ghali kuliko ule wa mkataba wa kawaida.