Mitungi ya kuzamia iliyotumika: ikague hivi kabla hujaipakia botini

Mtungi unaokaa botini unagongwa, unaanikwa juani na kurushiwa chumvi kutwa. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama rangi. Rangi mpya ndiyo inayonitia shaka zaidi: wapo wanaoikausha kwa moto, na joto kali hudhoofisha alumini.

1. Soma maandishi yaliyogongwa mabegani mwa mtungi, chini ya shingo. Kwenye mitungi ya Marekani, 3AL ni alumini na 3AA ni chuma. Tarehe ya kwanza iliyogongwa ni ya kutengenezwa. Alumini ya kabla ya 1990 mimi sichukui hata kwa bei ya soda, kwani mingi ilikuwa ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo hupata nyufa taratibu shingoni, kwenye mikato ya kukazia valvu. Tarehe ya mwisho ni ya kupimwa kwa presha ya maji. Ikizidi miaka 5, mjazaji makini atakurudisha nao, basi punguziwa gharama ya kipimo.

2. Vua kiatu, yaani kikombe cha plastiki kinachovikwa chini ya mtungi. Muuzaji akisema kimeganda, mwagia maji ya moto, subiri, vuta tena. Kuna mtungi wa alumini niliuvua kiatu, juu unang'aa, chini duara zima la unga mweupe na vishimo vinavyonasa ukucha. Tukauacha palepale. Kwenye chuma utakuta kutu. Kutu ya juujuu inasuguliwa, shimo halisuguliki.

3. Fungua valvu kidogo, unuse. Harufu ya mafuta au ya uvundo, achana nao. Kisha toa hewa yote polepole, uulaze, uuzungushe sikio likiwa karibu. Ukisikia kama mchanga unatembea ndani, hiyo ni kutu. Baada ya hapo fundi aitoe valvu na kuingiza taa. Valvu haiguswi kwa spana mtungi ukiwa na presha, hata kidogo.

4. Chagua metali. Alumini ya lita 11 ikikaribia kuisha hewa huelea, kwa hiyo mzamiaji huongeza uzito wa kama kilo 2 za madini ya risasi ili azame. Chuma hakina shida hiyo, ila kinataka kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila siku. Boti yangu haina mtu wa kazi hiyo, nachukua alumini.

5. Valvu zote ziwe za aina inayoingiana na regyuleta zako, vile vifaa vya kupumulia vinavyofungwa kwenye valvu.

6. Botini, ifunge wima kwa mkanda, mpira katikati ya mtungi na mtungi. Usiuache mtupu: bakiza hewa yenye presha ya bar 20 ili maji yasiingie. Viatu vivuliwe kila mwezi, mtungi uoshwe, ukauke ndipo virudi.